Rozari inapoanza msibani

Msiba wa familia yenye madhehebu mawili, huku kwetu Kilimanjaro, una saa yake moja ngumu. Watu wameshakula, turubai limejaa, mwenyekiti wa Jumuiya Ndogo Ndogo anasimama na kuwaomba waombolezaji watulie ili sala ianze. Akina mama wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, wanatoa rozari kwenye mikoba. Hapo hapo, bila kelele, baadhi ya watu wanaanza kuinuka. Shemeji wa Kilutheri anaelekea kwenye migomba. Wifi aliyeokoka anakwenda jikoni kusaidia vyombo. Mzee wa kanisa aliyekuja kuhani anasogeza kiti chake hadi nje ya turubai na kukaa huko, kofia mapajani. Sala ikiisha watarudi na maongezi yataendelea, lakini kila mmoja ameshaona nani alitoka na nani alibaki.

Wapo wanaobaki. Wanaitikia Baba Yetu kwa sauti kamili, kisha Salamu Maria inapoingia wananyamaza. Katika rozari ya matendo matano, Baba Yetu husaliwa mara 6 na Salamu Maria mara 53. Ukimya wao ni mrefu, na jirani aliyeshika shanga anausikia.

Mimi ni Mlutheri, na nimekulia ndani ya ukimya huo. Nimewasikia Wakatoliki, wengine ndugu zangu wa damu, wakiuita dharau kwa Mama wa Bwana. Nimewasikia pia Walutheri wenzangu wakiulizwa sababu, wakajibu kwa neno moja, "sanamu", wakaishia hapo. Jibu hilo ni fupi mno, na kwa sehemu kubwa si la haki. Pingamizi la Waprotestanti kuhusu ibada kwa Maria ni zito kuliko hivyo. Lilitoka kwa watu waliokuwa wakimwogopa Kristo na kutafuta pa kukimbilia. Na mwishoni mwa mwaka 2025 Vatican yenyewe ilitoa waraka unaokubali sehemu yake muhimu. Sisi tunaolishikilia tunapaswa kuweza kulieleza.

Hapa mlimani, msimamo wa mtu kuhusu Maria uliamuliwa kwa kiasi kikubwa na mmisionari aliyetangulia kufika kwa babu yake. Mapadre wa Roho Mtakatifu, walioanzisha misheni ya Bagamoyo mwaka 1868, walipanda hadi Kilema mwanzoni mwa miaka ya 1890, kisha Kibosho. Misheni ya Leipzig ya Walutheri wa Ujerumani ilifika Machame mwaka 1893. Machame na Kibosho ni majirani. Kibosho watoto wakafundishwa rozari, Machame wakafundishwa Katekisimu Ndogo ya Luther, halafu watoto hao wakakua wakaoana. Ugomvi walioletewa ulikuwa na umri wa karibu miaka 400, na wale walioletewa hawakuwa wameuanzisha wala kuuona ukianza.

Ulianzaje? Tarehe 2 Julai 1505, karibu na kijiji cha Stotternheim huko Ujerumani, mwanafunzi wa sheria mwenye umri wa miaka 21 alikutwa na mvua ya radi njiani. Radi ilipopiga karibu naye alianguka na kumwita Mtakatifu Anna, ambaye kwa mapokeo ndiye mama yake Maria, akaahidi kwamba akipona atakuwa mtawa. Alipona, akaingia utawani. Mwanafunzi huyo ni Martin Luther. Angalia alimwita nani. Mauti yalipomkaribia, aliyemjia mdomoni wa kwanza ni bibi yake Yesu.

Miaka mingi baadaye, katika mahubiri yake, Luther alieleza kwa nini. Yeye na watu wa kizazi chake walilelewa kumwona Kristo kama hakimu mkali aliyeketi juu ya upinde wa mvua, na picha hiyo walikutana nayo imechorwa na kuchongwa makanisani. Mtu mwenye dhambi angethubutuje kumwendea? Akamwendea Mama, ili Mama amtulize Mwana. Huo haukuwa uvivu wala upagani wa watu wajinga. Ilikuwa njia ya watu walioogopa, na walioogopa walikuwa waumini wa kweli.

Pingamizi letu lote limesimama hapo. Ikiwa Kristo ndiye wa kuogopwa na mwingine ndiye wa kukimbiliwa, basi Injili imepinduliwa. Aliyekubali kufa kwa ajili yetu amefanywa mkali, na sasa anahitajika mtu wa kumbembeleza. Paulo anapomwandikia Timotheo kwamba mpatanishi kati ya Mungu na wanadamu ni mmoja, Mlutheri anausoma mstari huo kama faraja kabla hajausoma kama katazo. Hatumkatalii Maria heshima yake. Tunakataa kwamba yupo aliye karibu nasi, au mpole kwetu, kuliko Kristo.

Je, hofu hiyo ilikuwepo kweli, au ni hadithi ya Luther tu? Mwaka 1750, karne mbili baada ya kifo chake, Alfonso wa Liguori, mtakatifu wa Kikatoliki na baadaye Mwalimu wa Kanisa, alichapisha kitabu kuhusu utukufu wa Maria kilichosomwa duniani kote. Ndani yake amesimulia maono ya mtawa mmoja Mfransisko aliyeona ngazi mbili zikielekea mbinguni. Ngazi moja ilikuwa nyekundu, na juu yake alisimama Yesu. Ya pili ilikuwa nyeupe, na juu yake alisimama Maria. Watawa walijaribu kupanda ile nyekundu, wakapanda kidogo na kuanguka, wakajaribu tena, wakaanguka tena. Waliposhauriwa waende kwenye ile nyeupe walipanda kwa urahisi, na Maria akawapa mkono.

Mprotestanti akisoma kisa hicho moyo unamwuma. Ile ngazi nyekundu, yenye rangi ya damu, ndiyo ambayo watu wanaanguka kutoka juu yake! Katika Uamsho wa Afrika Mashariki, uliosambaa kuanzia Gahini nchini Rwanda katika miaka ya 1930, ndugu waliookoka walitembea kwa miguu kutoka kijiji hadi kijiji wakishuhudia damu ya Yesu na kutubu hadharani. Bibi wa Kilokole aliyetoka katika uamsho huo, hata kama hajui kusoma, ukimwambia kwamba iko njia rahisi kuliko damu hiyo, atakuona umemtukana Mwokozi wake. Kutoka kwake nje ya turubai kunatokana na hilo.

Wakatoliki wenyewe walishaona tatizo. Mwaka 1865, mwanateolojia wa Kianglikana Edward Pusey alikusanya maneno ya namna hiyo kutoka vitabu vya Kikatoliki na kuyaweka mezani kama kizuizi cha umoja. Aliyemjibu mwaka uliofuata ni rafiki yake wa zamani, John Henry Newman, aliyehamia Ukatoliki mwaka 1845. Newman alimtetea Maria kwa nguvu, akionyesha kwamba Mababa wa Kanisa wa karne za kwanza walimwita Eva wa pili. Lakini kuhusu yale maneno ya kupindukia alisema waziwazi kwamba yalimhuzunisha na nusura yamkasirishe, na kwamba hakuwa tayari kuyatumia. Huyo ndiye Newman aliyetangazwa Mwalimu wa Kanisa tarehe 1 Novemba 2025.

Sasa nirudi kwa Luther, maana wengi wetu tunadhani alimtupa Maria siku alipoacha utawa. Hakumtupa. Mwaka 1521, akiwa katikati ya kesi yake na wakubwa wa dola na baadaye amefichwa katika ngome ya Wartburg, aliandika ufafanuzi wa wimbo wa Maria ulio katika Luka sura ya 1. Ni moja ya kazi zake nzuri kuliko zote. Maria wa Luther ni msichana maskini wa mji usio na jina, anayefanya kazi za nyumbani, ambaye Mungu alimtazama bila yeye kuwa na chochote cha kujivunia. Kwa Luther, kumheshimu Maria ni kumwona alivyokuwa duni na Mungu alivyokuwa mkarimu. Ukimpamba mpaka unyonge wake usionekane, umemnyang'anya heshima aliyopewa na Mungu na kumpa yako. Na kwenye mstari wa mwisho wa ufafanuzi huo Luther bado anaomba Kristo atujalie kuelewa haya kwa maombezi ya Mama yake mpendwa. Mlutheri wa leo akisoma mstari huo anashtuka.

Baadaye msimamo wake ulikaza. Katika kitabu cha sala alichokitoa mwaka 1522 aliiweka Salamu Maria, ila ile sehemu inayotoka kwenye Maandiko, yaani salamu ya malaika Gabrieli na ya Elisabeti, akafundisha kwamba ni sifa kwa Mungu na si ombi kwa Maria. Ile nusu ya pili, inayomwomba Maria atuombee, ilienea taratibu katika karne za mwisho za Enzi za Kati na ikathibitishwa katika umbo tulilonalo na kitabu cha sala cha Papa Pius V mwaka 1568, wakati Luther ameshafariki. Wengi hawaujui mgawanyo huu, ingawa wanausikia kila wiki. Rozari inaposaliwa kwa pamoja, kiongozi hutamka nusu ya kwanza, ile ya Biblia, na mkutano huitikia nusu ya pili. Maana yake Mprotestanti aliyekaa msibani anaachiwa kuitikia sehemu ile ile tu ambayo dhamiri yake inamzuia, na ile ambayo angeisema kwa furaha imeshachukuliwa na kiongozi. Mimi siku hizi huisema ile ya kwanza kwa sauti ya chini pamoja na kiongozi, kisha hunyamaza. Sijakatazwa na mtu.

Walutheri waliandika msimamo wao rasmi mwaka 1530 katika Ungamo la Augsburg, kifungu cha 21: watakatifu wakumbukwe, imani yao iigwe, lakini Maandiko hayatufundishi kuwaita wala kuwaomba msaada. Mwaka uliofuata Philipp Melanchthon, mwenzake Luther, katika utetezi wa Ungamo hilo, alikubali kwamba Maria aliyebarikiwa analiombea Kanisa. Halafu akauliza: je, ndiye anayezipokea roho wakati wa kufa? Ndiye anayeshinda mauti? Lawama yake ilikuwa kwamba watu wamemweka mahali pa Kristo. Katika swali la kama Maria anaombea, tofauti yetu na Wakatoliki ni ndogo kuliko tunavyodhani. Kinachotutenganisha ni kama tumeambiwa tumwite.

Mkatoliki ana jibu, na ni jibu la mtu mwenye akili. Wewe, atasema, humwambii jirani yako "niombee"? Humtumii mchungaji wako ujumbe mtoto akilazwa? Maria hakufa ukawa mwisho wake. Mungu ni Mungu wa walio hai. Na arusini Kana ni yeye aliyeona divai imekwisha kabla ya mtu mwingine, akamwambia Mwanawe, kisha akawaelekeza watumishi wamtii. Katika kitabu cha Ufunuo wazee ishirini na wanne wameshika vyombo vyenye ubani, nao ubani ni maombi ya watakatifu.

Nayakubali mengi ya hayo, ila si hitimisho lake. Jirani yangu ananisikia kwa sababu namwita dirishani. Kwamba Maria anawasikia mamilioni kwa wakati mmoja, kila mmoja kwa lugha yake, hilo Maandiko hayajaniambia. Mbingu zinaomba, ndiyo. Lakini hakuna mtume aliyewafundisha Wakorintho au Waefeso kumwita Stefano baada ya kupigwa mawe, wala Yakobo baada ya kuuawa na Herode. Na zaidi ya yote, jirani ninayemwomba aniombee simwiti malkia wa mbingu, wala tumaini langu, wala lango la mbinguni. Majina yanapofika hapo, ule mfano wa jirani umeshaachwa nyuma.

Hapa niseme juu ya lawama zisizo za haki, kwa sababu zinasemwa kwa vipaza sauti kwenye mikutano ya injili na zinaumiza. Wahubiri wengine husoma Yeremia 44, penye habari za malkia wa mbinguni aliyefukiziwa uvumba na kumiminiwa sadaka za kinywaji, kisha wakasema, huyo ndiye Maria wa Wakatoliki. Yule alikuwa mungu mke wa wapagani, na Yeremia aliyakemea hayo karne sita hivi kabla Maria hajazaliwa. Kuwapachika Wakatoliki dhambi hiyo ni kumshuhudia jirani uongo, nayo ni amri tuliyoijifunza kipaimara. Vivyo hivyo kuhusu sanamu: Mtaguso wa Pili wa Nisea, mwaka 787, ulitenga wazi kuabudu, ambako ni kwa Mungu peke yake, na heshima inayotolewa mbele ya picha kwa ajili ya yule aliyechorwa. Mtu anaweza kupinga desturi hiyo. Calvin, mwanamageuzi wa Kiprotestanti, aliipinga vikali. Lakini asidai kwamba mama anayepiga magoti kwenye pango la Bikira Maria anadhani plasta inamsikia. Hadhani hivyo.

Swali la ndugu zake Yesu wanaotajwa katika Marko 6, nalipita haraka. Linapendwa sana kwenye mabishano ya bodaboda na vijiweni, lakini halikutugawa. Luther aliamini hadi kufa kwamba Maria alibaki bikira, na Zwingli wa Zurich vilevile. Hata jina Mama wa Mungu, lililokubaliwa na Mtaguso wa Efeso mwaka 431, Walutheri tunalikiri, kwa sababu linalinda ukweli kuhusu Yesu: mtoto aliyemzaa ni Mungu kweli.

Ukuta hasa ulijengwa baadaye. Tarehe 8 Desemba 1854 Papa Pius IX alitangaza kuwa Maria alikingiwa dhambi ya asili tangu kutungwa mimba kwake, na kwamba kila Mkatoliki anapaswa kuamini hivyo. Tarehe 1 Novemba 1950 Papa Pius XII alitangaza kwamba Maria alipalizwa mbinguni mwili na roho. Yote mawili yalikuwa yameaminiwa na wengi kwa karne nyingi. Na kuhusu la kwanza hata Thomas wa Akwino, mwanateolojia mkubwa kuliko wote wa Magharibi, alikuwa na mashaka. Kwa Mprotestanti, kuamini ni jambo moja na kulazimishwa kuamini ni jingine. Ikiwa Biblia haisemi, Kanisa lina haki gani ya kulifanya sharti la imani? Kwa sauti ya upole, swali hilo lilirudiwa mwaka 2005 na tume ya pamoja ya Waanglikana na Wakatoliki. Waliweza kusema pamoja kwamba mafundisho hayo mawili yanaweza kupatana na Maandiko, lakini Waanglikana wakabaki na swali la kama Mungu ameyafunua yawe ya lazima.

Waanglikana wana historia ya pekee katika jambo hili, na sehemu yake ni ya kwetu. Juni 1913 wamisionari wa Kiprotestanti walikutana Kikuyu, kwenye misheni ya Waskoti huko Kenya, kupanga ushirikiano wa makanisa yao. Mkutano ukafungwa kwa Ushirika Mtakatifu uliowakusanya Waanglikana, Wapresbiteri na wengine. Askofu Frank Weston wa Zanzibar aliposikia aliwaka. Aliwashtaki maaskofu wenzake wa Mombasa na Uganda kwa Askofu Mkuu wa Canterbury, na akatoa barua ya wazi iliyotikisa Uingereza yote. Katika barua hiyo aliuliza Kanisa lake linasimamia nini: linawavumilia wasomi wanaotilia shaka mambo ya Imani, linakaa kimya maaskofu wakishiriki meza na wasio na maaskofu, lakini padre mmoja wa jimbo la St Albans amesimamishwa kwa sababu alimwomba Maria na watakatifu!

Kwa hiyo swali la kumwomba Maria liliwahi kuifikia Canterbury likitokea Unguja. Na tofauti hiyo unaiona hadi leo ndani ya Kanisa moja la Anglikana Tanzania. Huko Tanga, Zanzibar na Masasi, walikofundisha wamisionari wa UMCA, shirika la Weston, utakuta ubani, rozari na Salamu Maria. Dodoma na kwingineko walikofundisha wamisionari wa CMS, shirika jingine la Kianglikana, Mwanglikana akikuta hayo atadhani ameingia kanisa la Kiroma. Wanaungama imani moja, wana askofu mkuu mmoja, na juu ya Maria hawafanani. Wameishi hivyo bila kutengana. Sisi wengine tungewauliza wamewezaje.

Upande wa Wakatoliki, ubishi mkali kuhusu Maria ulifanyika ndani ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano. Oktoba 1963 maaskofu waliulizwa kama Maria aandikiwe hati yake peke yake au awekwe ndani ya hati kuhusu Kanisa. Kardinali Rufino Santos wa Manila alitetea hati ya pekee, Kardinali Franz König wa Vienna akatetea kumweka Maria ndani ya Kanisa. Tarehe 29 walipiga kura: 1,114 dhidi ya 1,074. Kwa tofauti ya kura 40, Maria akaelezwa kama mwanachama wa kwanza wa Kanisa, upande wetu sisi tuliokombolewa. Sura inayomhusu, ya nane katika hati hiyo kuhusu Kanisa, Lumen Gentium, ya mwaka 1964, inasema wazi kwamba nafasi ya Maria haipunguzi kitu wala haiongezi kitu kwenye upatanishi wa Kristo, na inawaonya wahubiri wajiepushe na kutia chumvi. Mlutheri anaweza kuisoma karibu yote akiitikia kwa kichwa.

Hata hivyo msukumo wa kupanda zaidi haukukoma. Tangu miaka ya 1990 mamilioni ya sahihi zilikusanywa zikimwomba Papa atangaze fundisho jipya kwamba Maria ni Mkombozi Mwenza. Yohane Paulo II aliwahi kulitumia jina hilo mara kadhaa, ingawa hakulitangaza. Kardinali Ratzinger, ambaye baadaye alikuwa Papa, hakulikubali. Papa Fransisko alilikataa hadharani mwaka 2019. Na tarehe 4 Novemba 2025 Idara ya Mafundisho ya Imani, chini ya Kardinali Víctor Manuel Fernández, ikatoa waraka uitwao Mater Populi Fidelis, ulioidhinishwa na Papa Leo XIV tarehe 7 Oktoba, sikukuu ya Bikira Maria wa Rozari. Waraka unasema kutumia jina la Mkombozi Mwenza hakufai kamwe, na unataka tahadhari kubwa kwa jina la Mpatanishi wa neema zote.

Sababu iliyotolewa ndiyo iliyonigusa. Waraka unasema kwamba jina linalohitaji kufafanuliwa tena na tena ili lisipotoke halisaidii imani ya watu. Nimeisoma sehemu hiyo mara nyingi. Melanchthon alikuwa akisema jambo hilo hilo mwaka 1531: hata kama wasomi wana maelezo, angalieni mama kijijini anaelewa nini. Wapo Wakatoliki walioumia kwa waraka huu, wakaona Mama yao amevuliwa taji, na sifurahii maumivu yao. Lakini naomba waone kwamba tulichokuwa tukikiogopa sisi, wachungaji wao wenyewe wamekiogopa pia.

Na sisi? Tumelinda sana nafasi ya Kristo, kisha tukamfuta Mama yake. Luther alibakiza sikukuu za Kupashwa Habari, Kutolewa Hekaluni na Maria Kumtembelea Elisabeti, na alihubiri siku hizo. Katika sharika nyingi za kwetu Maria anatajwa Desemba tu, kwenye igizo la watoto, halafu anarudishwa stoo pamoja na mbuzi wa karatasi. Jirani yangu Mwislamu ana sura nzima ya Kurani yenye jina la Maryamu na anaisoma kwa unyenyekevu. Binti wa Kilutheri anaweza kumaliza kipaimara bila kusikia hubiri hata moja kuhusu msichana aliyesema "ndiyo" kwa Mungu huku akijua kijiji kitamsemaje, na aliyesimama chini ya msalaba wanaume wengi walipokimbia. Tunasema imani ya watakatifu iigwe. Tutamwigaje tusiyemtaja?

Hatimaye jambo hili huamuliwa nyumbani. Mkatoliki anayefunga ndoa na Mlutheri huahidi kufanya kila awezalo ili watoto wabatizwe na kulelewa katika Kanisa Katoliki, na mwenzake hujulishwa ahadi hiyo. Ahadi hutolewa ofisini kwa paroko kwa dakika chache, watu wakiwaza ukumbi na kadi za mchango. Miaka mitano baadaye mtoto anapewa rozari na bibi mzaa mama, baba anainyanyua mezani na kuiweka juu ya kabati, mama analia chumbani. Ndoa kadhaa ninazozijua zimepitia usiku wa namna hiyo, na wote wawili walikuwa watu wema.

Ningetamani mafundisho ya ndoa mseto yaanze na karatasi mbili mezani, paroko na mchungaji wakiwa chumba kimoja na wachumba wenyewe: kifungu cha 21 cha Ungamo la Augsburg, na sura ya nane ya Lumen Gentium. Wachumba wasome kwa sauti, kila mmoja asome ya mwenzake, kisha waulizane wataomba vipi usiku wakiwa na mtoto mgonjwa. Masuala ya 1854 na 1950 hawatayamaliza, na wasidanganywe kwamba watayamaliza. Maandishi yote mawili hayachukui kurasa nyingi. Jioni mbili zinatosha.